Siagi ya karanga kuingia supamaketi: nimebakisha nini?

Karanga_KahawaWest: Habari zenu wakuu. Natengeneza siagi ya karanga, mikebe ya gramu 400, na kwa sasa inauzwa maduka ya mtaani tu. Biashara imesajiliwa na PIN ya KRA (Mamlaka ya Mapato) ninayo. Supamaketi za hapa Nairobi zitadai nini zaidi? Na mzigo hurudishwa kwa sababu gani hasa?

Maabara_Ruiru: Anza na KEBS, shirika la viwango, dada. Bila kibali cha nembo ya ubora hakuna mnunuzi atakayekusikiliza. Utakapokwama ni kwenye sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu: aina zake zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya B1 isizidi 5. Kukaanga hakuimalizi sumu hiyo, kwa hiyo kazi yote iko kabla ya kusaga. Nunua karanga zilizokauka sawasawa, kaanga, ondoa ganda jekundu, kisha chambua kwa mkono: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizovunjika zote nje. Sumu hujikusanya kwenye punje chache, ndiyo maana sampuli ya juu ya gunia moja hudanganya. Chota kila gunia, juu, katikati na chini, uchanganye, ndipo upeleke maabara. Ukipima baada ya kusaga na majibu yawe mabaya, umeshapoteza karanga, umeme na mikebe.

Leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wafanyakazi usisahau. Hivyo vya afya huisha kila miezi 6.

Lebo_RiverRoad: Msimbopau (ile mistari ya skana) chukua GS1 Kenya, wanaotoa nambari hizo; nambari zao huanza na 616. Gramu 400 na gramu 800 ni nambari mbili tofauti. Usichapishe mistari kwa rangi nyekundu, mwanga wa skana ni mwekundu na hautaiona. Nyeusi juu ya nyeupe inatosha. Acha nafasi tupu pande zote mbili za mistari, na kwa mkebe mwembamba ilaze kama vidato vya ngazi, la sivyo mzingo wa mkebe unaificha. Tarehe ya kuisha na nambari ya kundi zisifutike kwa mafuta. Siagi ya karanga huvuja, na wino wa bei rahisi hutoka na kidole.

Karanga_KahawaWest: Asanteni sana. Mauzo yangu hayajafika shilingi milioni 5 kwa mwaka, kwa hiyo sijasajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Bado nahitaji eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki?

Mhasibu_Ngara: Ndiyo. Supamaketi itadai ankara ya eTIMS, kwa sababu bila hiyo KRA haiwaruhusu kuhesabu ununuzi huo kama gharama. PIN yao iwe kwenye ankara. Bei na idadi zilingane na LPO (oda ya ununuzi ya supamaketi) hadi senti: karani anayepokea mzigo mlango wa nyuma hana mamlaka ya kurekebisha, kazi yake ni kukataa. LPO iliyopitwa na tarehe pia hurudishwa.

Kabla ya kusaini, soma siku za malipo, ada ya rafu na nani anabeba mzigo usiouzika. Ukiambiwa siku 60, uwe na mtaji wa karanga wa miezi 3. Wasambazaji walioachwa bila kulipwa supamaketi ya Nakumatt ilipofungwa walikuwa na LPO halali mkononi. Wakichelewesha bila sababu, malalamiko hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani, lakini peleka na hati ya kupokea mzigo iliyopigwa muhuri. Usiondoke langoni bila muhuri huo.