Naomba ushauri: nguo za uganga za marehemu nyanya

Hamjambo wenzangu. Niko Malindi. Marehemu nyanya alikuwa mganga wa pepo, ametuachia kikapu cha nguo zake: kaniki (kitambaa cheusi cha pamba), bafta nyeupe na bendera, kile kitambaa chekundu cha waganga. Kaniki ndiyo aliyomfunikia mgonjwa akifukizwa, mpaka leo yanukia ubani.

Masika haya zimeota ukungu. Nimezianika kivulini siku mbili, madoa yako pale pale. Nikalowesha pembe ya bendera kwa maji baridi, wekundu ukanihamia vidoleni! Kaniki sijathubutu kuigusa. Mjomba ataka zichomwe, mimi roho yakataa.

Nitoe vipi ukungu bila kuua rangi? Na wenye wazee waganga, nambieni: asiyewahi kuingia kilingeni, pale mganga anapofanyia uganga, aruhusiwa kuzifua?