Mota ya lifti ya kiti cha magurudumu imegoma, Kampala naipata wapi?

Kijana wa Bombo

Salaam ndugu zangu. Mzee wetu ni afande mstaafu. Tangu apate kiharusi hatembei, na kiti chake ni kile cha umeme, kizito, hakibebeki. Tulimnunulia Hiace iliyotumika kutoka Japani, ina lifti nyuma: jukwaa la chuma linashuka hadi chini, anaingia na kiti chake, linampandisha. Nikipita nayo barabara ya Gulu watu wananipungia mkono wakidhani ni kamunye, teksi ya abiria.

Sasa lifti inashuka vizuri kabisa, kupanda haitaki. Nikibonyeza kitufe cha juu nasikia "ta!" moja, basi. Kabla ya hapo ilikuwa imeanza kupanda kwa kujikokota, na siku moja ikatoa harufu ya waya ulioungua. Fundi mmoja wa hapa kaitazama dakika chache, kasema mota imekufa, tuagize lifti nzima Dubai. Bei aliyotaja unanunua bodaboda na chenji inabaki.

Nimeshuka Kisekka, soko la spea za magari Kampala. Kila duka ni "Hiace ya mwaka gani?" Nikijibu naletewa mota ya waipa au ya vioo. Lebo ya mota ni Kijapani kitupu, nilichoambulia ni 12V tu. Ijumaa tunamwinua vijana wanne kumpeleka msikitini, na mzee hapendi hata kidogo kubebwa mbele ya watu. Anayejua mota hizi zinauzwa wapi anisaidie.

Mama Swabra, Arua

Pole mwanangu, na umpe mzee pole yetu. Mota itafutwe, lakini kwanza chungulia kwenye kasha la pampu. Gari la hospitali nilikofanya kazi lilikuwa na lifti ya mafuta kama hiyo, mota inazungusha pampu na mafuta yanainua jukwaa, na ubavuni kulikuwa na tundu la kutia mpini, unapiga kama jeki hadi jukwaa linapanda. Lifti nyingi za aina hiyo zinayo. Mpini wenyewe mara nyingi umefungwa nyuma ya kiti au chini ya zulia. Ni polepole, mkono utauma, lakini atapanda akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Fundi Stata, Ndeeba

Mwana wa afande, usinunue kitu bado.

Hiyo "ta!" ni solenoidi inafunga, yaani swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa, ndugu yake ile ya stata, mota ya kuwashia gari. Kwa hiyo kitufe kinafanya kazi. Kinachofuata ni ama umeme mkubwa haufiki kwenye mota, ama unafika na mota haizunguki. Kwamba inashuka vizuri hakukuambii lolote kuhusu mota, kwa sababu lifti ya mafuta haihitaji mota kushuka: vali inafunguka, mafuta yanarudi kwenye tangi, uzito unafanya kazi iliyobaki.

Chukua mita. Mmoja abonyeze juu, wewe pima kwenye skrubu mbili za mota yenyewe, si kwenye betri. Ukikuta volti 10 na kuendelea na mota imenyamaza, hapo mota ina kesi ya kujibu. Ukikuta 3 au 4, huenda mota inasingiziwa: fuata waya mnene, fungua solenoidi uone shaba zake za ndani kama zimeungua, na zaidi ya yote kagua athi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Gari lililokaa sehemu za Japani zenye theluji limepigwa chumvi ya barabarani, na boliti ya athi chini ya sakafu huwa ni kutu tupu.

Ikiwa ni mota, fungua kifuniko cha nyuma. Ndani ni kaboni, vipande vinavyopitisha umeme kwenye shaba inayozunguka, sawa na stata. Nyingi ninazoletewa eti zimekufa, kaboni zimeisha na vumbi jeusi limejaa, waya wenyewe mzima. Kaboni nunua za stata, zile ukizitazama zina rangi ya shaba ndani. Mtu akikupa za grainda kataa; zile ni za umeme wa nyumbani, kwa volti 12 hazipitishi ampea za kutosha. Zikiwa nene, zisugue hadi ziteleze zenyewe kwenye nyumba yake bila kusukumwa. Shaba ya duara inayozunguka ipitishe msasa laini wa mbao, usitumie wa chuma.

Waya ukiwa umeungua kweli, mtaa wa Katwe hapa Kampala wapo wa kuusuka upya. Ukitaka kununua, usitaje Hiace. Kisekka wanapanga spea kwa jina la gari, na mota hii haina habari na gari. Inachojali ni volti, upande inaozunguka, kichwa cha shafti na nafasi za boliti. Pampu ikizungushwa kinyume haisukumi mafuta. Mota ya sumaku unaweza kugeuza nyaya ikazunguka kinyume. Ya koili, ukigeuza nyaya mbili za betri bado itaenda kule kule, kwa hiyo isikudanganye muuzaji.

Halafu waulizeni watoto wa hapo nyumbani kama huwa wanaichezea lifti. Mota hizi zimeundwa kufanya kazi sekunde chache zipumzike. Zikipanda na kushuka jioni nzima zinaungua.

Dereva wa Busia

Malori yenye lango la nyuma linalopandisha mizigo yana mota na pampu za namna hiyo hiyo. Kwa wanaovunja malori zinapatikana, na Nairobi pale Kirinyaga Road pia.

Fundi Stata, Ndeeba

Kweli, lakini soma lebo. Malori mengi ya dizeli ni volti 24. Ukiifunga kwenye 12 itazunguka kwa uvivu, na mzee ataning'inia katikati.

Kijana wa Bombo

Mama Swabra, mpini tumeupata chini ya zulia, Mungu akubariki. Fundi, kwenye mota inafika 11 na haitikisiki. Nimefungua: kaboni moja imebaki kama ukucha, nyingine imekwama kwenye nyumba yake. Harufu ya kuungua naisikia lakini waya sioni palipobadilika rangi. Kuhusu watoto, nimeuliza, kila mmoja kaangalia chini.

Fundi Stata, Ndeeba

Niletee mota na kaboni zote mbili, picha haitoshi. Usiingie chini ya jukwaa likiwa juu bila kuliegemeza na magogo, hata kama unatoa boliti moja. Na tukishairudisha, kwanza utasoma uzito ulioandikwa kwenye kibao cha lifti, kisha utapandisha magunia ya simenti yenye uzito wa mzee na kiti chake, mara kadhaa, na kupumzisha katikati. Magunia yakipanda bila kujikokota, ndipo umwite mzee. Jumatatu asubuhi nipo, ulizia nyuma ya wauza mbao.