Uzi wa hasira: amewashia mbabula (jiko la mkaa) ramani ya ufalme wa mchezo wa batoto wangu, kisha akauliza "Kuko karatasi ingine?"

PapaDadu20:

Sitaji jina. Munamujua. Kila familia ya Lubumbashi iko na mmoja kama yeye, lakini huyu wetu Mungu alimutengeneza jioni, udongo ulikuwa umebakia mwingi. Ule wa kuingia bila kubisha hodi. Ule wa kufunua sufuria mbele ya kusalimia. Yeye, basi.

Nikikasirika naandikaka Kiswahili cha shule, musinicheke. Leo nimekasirika mpaka darasa la sita.

Nimetoka kazini, umeme hakuna, nafika ku lupango nakuta mbabula inawaka vizuri sana, maji ya bukari (ugali) yanachemka, na yeye amekaa kwenye kiti changu anapepea moto na kipande cha katoni. Nikasema aksanti yaya. Ni yaya ya bibi yangu, ndugu mukubwa wa mke wangu, hata akinikanyaga vidole lazima niseme aksanti. Halafu nikaangalia kile kipande vizuri. Haikuwa katoni. Ilikuwa kaskazini ya ufalme.

Mashariki, magharibi na kusini zilikuwa tayari chini ya makala (mkaa).

Nikabaki nimesimama, kiatu kimoja mkononi. Sikusema kitu. Yeye akainua macho, akaniangalia mikono, akasema: "Kuko karatasi ingine?"

KUKO KARATASI INGINE.

Kwa wale wasiojua: miye na batoto wangu wawili, msichana wa miaka 7 na kijana wa miaka 4, tunacheza ule mchezo ambao mmoja anasimulia, wengine wanaamua wafanye nini, na dadu inasema kama wamefaulu. Wamarekani walitoa wa kwanza mwaka 1974, Dungeons & Dragons, na vitabu vyake ni vinene kama matofali ya kanisa. Miye sheria nimezikata mpaka mfupa. Unatupa dadu ya pande 20, ukipita 10 umefaulu, ukipata 1 unaanguka kwenye matope na kila mtu anacheka. Tunacheza kila jioni umeme ukikatika. Maana yake tunacheza kila jioni.

Miezi mitatu! Ramani tulichora nyuma ya kalenda nne za zamani, tukabandika na gundi ya unga, tukaikaza na katoni. Mnara wa mchawi ni ile cheminée, bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba. Joka linalala ndani ya terili, kile kilima cha mabaki ya kuyeyusha shaba, ndiyo maana terili ni nyeusi, hiyo ni sayansi ya binti yangu, musibishane naye. Mto Lubumbashi ni mpaka. Kipushi ndiyo mlango wa kushuka kuzimu, ju kule kuko mugodi wa kweli unaoshuka chini sana. Na pesa ya ufalme si dhahabu kama ya Wazungu, ni misalaba ya shaba, ju wazee wa huku walikuwa wanafanya biashara na ile misalaba mbele ya Mbelgiji kufika. Binti yangu aliniuliza kwa nini msalaba na si duara. Jioni nzima tulibishana ile tu, joka likangoja.

Kijana wangu ni kambale. Si mtu anayefanana na kambale. Samaki. Mwenye upanga. Nilimuuliza anaushika na nini, akaniangalia kama miye ndiye mtoto: "Na ndevu, papa."

Yule msichana alikuwa hawezi kujumlisha kupita 10. Sasa 13 na 4 anakujibu hujamaliza kuuliza. Mwalimu wake alitaka kujua nani anamufundisha ku nyumba. Nikamwambia ni joka.

Sasa rudi kwenye mbabula. Nimesimama. Kiatu mkononi. Roho ilitoka na sikio la kushoto, ikaenda mpaka Likasi, ikakosa basi, ikarudi na miguu. Ndani ya nyumba kuko magazeti. Kuko mifuko ya simenti. Kuko vitabu vyangu vya kodi, ningemwambia chukua, washa, Mungu akubariki! Yeye akaruka vyote, akapanda juu ya kiti, akashusha kitu kilichofungwa na kamba na kuandikwa na herufi kubwa USIGUSE. Ametumia hata kamba.

Nilipopata sauti nikasema yaya, ile ilikuwa ramani ya batoto. Akasema: "Nimeona joka. Mu nyumba ya bakristo joka linatafuta nini?" Akaendelea kupepea. Na kaskazini.

Dadu ilipona ju kijana wangu aliificha ndani ya shavu alipoona mambo yanaharibika. Binti yangu hakulia. Alikuja pembeni yangu, akaangalia moto, akauliza pole pole: "Papa, bale bantu ba mu muji balikuwa mule ndani?"

Sikuwa na jibu. Na mbele sijatafuta jibu, nyuma yangu tena: "Eh papa, nauliza, kuko karatasi ingine ao hakuna?"

Kopa_Katuba: "Ilikuwa kaskazini ya ufalme." Nimesoma ndani ya taksi, dereva ameniomba nishuke.

BanaKenya: Swali moja tu mukubwa. Bukari iliiva?

PapaDadu20: Si hiyo maneno.

BanaKenya: Iliiva?

PapaDadu20: Iliiva. Kulikuwa na ndakala (dagaa) na sombe (kisamvu). Nilikula ju nilikuwa na njaa na ju bibi yangu alikuwa ananiangalia. Lakini nilikula na hasira.

Kopa_Katuba: Amekula mashariki, magharibi na kusini, akateremusha na ndakala. Mufalme gani anakula inchi yake hivi?

BanaKenya: Wako wengi.

MamaWaMapasa: Subiri kidogo. Miye nimesoma yote nacheka mpaka nikafika fasi moja: dadu ndani ya shavu ya mtoto wa miaka 4?? Wewe papa unalilia karatasi na mtoto eko na kitu cha kumukaba ku koo! Ile dadu ni kubwa kama nini? Kama njugu? Yaya yako angepaswa kutupa ile dadu, akuachie ramani.

PapaDadu20: Mama, hakuiweka pale kwa kucheza. Ilikuwa kuokoa. Hata hivyo nilimukaripia. Kidogo. Naomba turudi kwa KUKO KARATASI INGINE.

MamaWaMapasa: Haturudi. Mtoto chini ya miaka 5 hapewi kitu kidogo. Mpe dadu ya katoni, kubwa kama ngumi.

Kopa_Katuba: Ya katoni? Na yule yaya bado anakuyaka kupika?

Muzee_wa_Kamalondo: Vijana, musichukie ushauri. Papa muzima, anarudi kazini, anakaa chini na batoto anaongea habari ya joka. Shiye tulifundishwa kufagia lupango, kuteka mayi, kusalimia bakubwa. Mchezo tulikuwa nao mmoja, kisolo, mbegu ndani ya mashimo, na akili ilitoka. Dadu ni kintu cha ba kamari.

Sangoku_wa_Ruashi: Muzee, na heshima yote, kisolo ni vita. Unahesabu mbegu, unapanga, unakamata za mwenzako, anabaki na mashimo matupu. Tofauti ni joka tu. Tena dadu ya pande 20 si ya Wamarekani wala ya kamari za hapa mtaani: ziko za Misri ya zamani, za miaka 2000 hivi, ndani ya majumba ya makumbusho. Kitu cha Afrika hicho.

Muzee_wa_Kamalondo: Misri? Kwa Farao? Kule Musa alikimbia? Umenisaidia, mwana wangu, aksanti.

Kopa_Katuba: Hahaha! Muzee amepata 20.

Sangoku_wa_Ruashi: Na tusijifanye hapa. Siku ya mechi muko wanaume wa miaka 50, mumejipaka mweupe na mweusi toka kichwa mpaka tumbo, mumevaa mifupa, munapiga ngoma toka asubuhi, tunaita ni mapenzi ya timu. Kijana wangu amevaa kitambaa cha chungwa ya Sangoku, yule mupiganaji wa katuni ya Dragon Ball, nimekishona miye mwenyewe, bokilo yangu (mukwe) akaita watu wa maombi. Watatu. Walikuja na mafuta.

MamaWaMapasa: Mafuta ya kupika?

Sangoku_wa_Ruashi: Ya upako. Chupa moja walisahau, tunaikaangia mayai.

Lushoise_Mkali: Miye nina lawama kwa ninyi ba papa. Bwana yangu ni wa aina yenu. Jumapili iliyopita padri amenyanyua mikono miwili kwa sala, kanisa kimya, mwana wangu wa miaka 5 anasimama juu ya kiti anapiga "KAAA-MÉÉÉ-HAAA", lile pigo la Sangoku, mpaka mwisho. Watu wote wakageuka. Na bwana yangu, badala ya kumukalisha, ananinong'oneza sikioni: "Mikono ameiweka vizuri." HIYO ndiyo shida ya kufungulia uzi. Si karatasi.

PapaDadu20: Lakini aliiweka vizuri?

Lushoise_Mkali: Hata wewe?

Goma_Birere: Salamu toka Goma. Sitaki kuharibu kilio cha mtu lakini kwetu huku Kambale ni jina la mwana mume wa pili kwa Wanande. Nimemusomea kaka yangu hii ya "kambale, samaki, mwenye upanga, anaushika na ndevu". Ana ndevu kweli. Sasa nyumba nzima inamuitaga Upanga, hata mama. Ameniambia nikuulize unamudai nini.

PapaDadu20: Mwambie kijana wangu anamusalimia mufalme mwenzake.

Goma_Birere: Na tena, wewe umepoteza ramani moja unaandika kurasa tano. Sisi mwaka 2021 Nyiragongo ililipuka, nikakimbia usiku na watoto wawili na sanduku la katuni zangu badala ya sanduku la nguo. Bibi yangu mpaka leo, tukigombana hata kwa chumvi, anamalizaga na ile: "Wewe uliokoa vikaragosi." Watoto walivaa blauzi za mama yao siku nne.

Kopa_Katuba: Hapo kaka bibi yako ana haki.

Goma_Birere: Najua. Lakini zilikuwa kamili, zote kwa mpangilio.

PapaDadu20: Pole sana kaka, volkano ni kubwa. Lakini volkano haikukuuliza kama kuko karatasi ingine.

BanaKenya: Sangoku, narudi kwako. Umesema "timu", umeogopa kuitaja. Taja. Mazembe, timu ya Lubumbashi. Nyeupe na nyeusi. Ligi ya mabingwa ya Afrika mara 5: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya klabu za dunia, 2010, tukiwa tumepiga Internacional ya Brazili 2 kwa 0. Ile rangi ku tumbo si kujigeuza joka. Ni utaifa.

Saint_Eloi_Damu: Maliza hadithi. Fainali ilikuwa ngapi?

BanaKenya: Uzi huu ni wa batoto.

Saint_Eloi_Damu: Inter ya Milano 3, ninyi 0. Nimekusaidia hesabu, miye pia nacheza dadu. Lupopo, timu yetu, haiitaji kipa wa kurukaruka na matako ili ijulikane.

BanaKenya: Usiguse Kidiaba, kipa wetu wa 2010. Ule mchezo wa matako dunia nzima iliuona. Lupopo dunia iliiona wapi?

Muzee_wa_Kamalondo: Hapa nakubaliana na BanaKenya. Kidiaba ni mambo mengine.

Sangoku_wa_Ruashi: Muzee! Mtu mzima anaruka na matako ni sawa, batoto kuchora joka ni dhambi?

Muzee_wa_Kamalondo: Kidiaba alikuwa analinda goli.

PapaDadu20: Jamani. Habari mpya. Asubuhi hii binti yangu ameanza kuchora ramani nyingine. Amechora mbabula kubwa katikati ya inchi, na pembeni mtu amekaa kwenye kiti anapepea. Nikamuuliza huyu ni nani. Akasema huyu ndiye wa mwisho, wa kupigana naye tukimaliza joka. Ana nguvu 200. Joka lenyewe lina 60.

Kopa_Katuba: 200 ni kidogo. Bokilo yangu aliingia na mvua, akatoka na friji.

Lushoise_Mkali: Na amemupa silaha gani?

PapaDadu20: Karatasi ingine.

Saint_Eloi_Damu: BanaKenya, umekimbia? Jumapili uko uwanjani?

BanaKenya: Niko. Nimejipaka tayari.

MamaWaMapasa: Samahani, niulize fasi hii hii ju naona muko wengi: kuko mtu anajua fundi wa mbabula za bati nzito? Yangu imetoboka chini, na makala ile nanunua Ruashi ni unga tupu, haimalizi hata maharagi.

Kopa_Katuba: Miye nauzisha moja, kubwa, ya miguu mitatu. Ilitumika mara mbili.

MamaWaMapasa: Bei?

Kopa_Katuba: Kuja tuongee pembeni. Na kwa kuwashia nakupa magazeti bule.