Tupeane uzoefu: lupu yako ilikufanya nini mbele ya watu?

Wakuu, habari za muda huu. Najua humu kuna wanaotengeneza lupu, hizi video fupi zinazojirudia bila kukoma, na michoro ya kidijitali ya kurusha ukutani muziki ukipigwa. Ukiwa peke yako na laptopu kila kitu kinapendeza. Tuambiane yaliyowakuta mbele ya watu. Naanza mimi.

Nilipewa skrini kubwa nyuma ya jukwaa. Lupu yangu ilikuwa ya sekunde nane, moshi unajikunja hadi unarudi ulikoanzia. Nilipokuwa naitengeneza nilikuwa naiangalia mara mbili tatu, nafunga. Siku hiyo ilikaa hewani karibu nusu saa. Dakika ya tano hivi nikamwona dogo mmoja mstari wa mbele kainua kidole, na kila moshi ukifika mwisho anakishusha. Tap! Kauona mshono. Akamwonyesha mwenzake, wakawa wawili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kosa lilikuwa fremu moja tu, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video. Nilihakikisha fremu ya mwisho inafanana kabisa na ya kwanza, nikidhani ndiyo kuunganisha. Kumbe hapo picha ileile inatoka mara mbili mfululizo na jicho linaona imesita. Ya mwisho iwe ile inayoitangulia ya kwanza. Sekunde nane kwa fremu 30 kila sekunde ni 240. Chora 241, ya 241 itupe.

#2
Hahaha, hicho kidole! Mimi kwangu ni mshale wa kipanya. Umekaa katikati ya ukuta, mrefu kuliko mwimbaji, nyimbo nne nzima, na mimi nashangaa watu wanachekelea nini. Halafu kama haitoshi, ujumbe wa shemeji ukajitokeza kwenye kona: "Umeshalala?" Ukumbi mzima ukajibu "Bado!" Siku hizi nazima intaneti, nazima taarifa zote, na skrini ya pili naiweka iwe nyongeza, isiwe kivuli cha ile ninayofanyia kazi. Shemeji hajui mpaka leo.

#3
Nakazia hesabu za mleta mada, ila kuna za muziki pia. Zamani lupu zangu zote zilikuwa sekunde nane, namba nzuri. Kwa muziki wa mapigo 120 kwa dakika zinakaa vizuri, maana mapigo manne ni sekunde mbili kamili. DJ akapanda hadi 128. Hapo mapigo 16 yanachukua sekunde 7.5, kwa hiyo kila mzunguko wangu unachelewa nusu sekunde, zaidi ya pigo zima. Mizunguko mitatu tu, ua langu lililotakiwa kuchanua ngoma ikilia likawa linachanua kwenye ukimya. Sasa sipimi lupu kwa sekunde, napima kwa mapigo, na programu inaivuta au kuibana kufuata kasi ya DJ.

#4
Mimi si wa majukwaani, yangu yanawekwa kwenye vyumba vya maonyesho. Kuna kazi niliyoipenda sana, dakika nne, maji meusi na kengele moja inalia karibu na mwisho. Siku ya ufunguzi sifa tele. Siku ya tatu nimepita kuangalia projekta, dada anayelinda chumba akanisalimia kwa adabu zote, kisha akauliza, "Samahani kaka, ile kengele haiwezi kupunguzwa kidogo?"

Nikaanza kumweleza maana ya kengele. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Nimekuelewa. Ila mimi huisikia mara mia na ishirini kwa siku."

Nikapiga hesabu kichwani. Mara 15 kwa saa, saa nane. Kweli 120. Mgeni hukaa dakika mbili, anaingia katikati, anatoka kabla ya kengele. Mtazamaji wangu halisi alikuwa yule dada, na sikuwahi kumfikiria hata mara moja. Nikakaa naye kwenye kiti chake mizunguko sita. Wa kwanza nilijipongeza. Wa nne meno yaliniuma. Nilipunguza sauti, nikaiweka kengele isikike mzunguko mmoja kati ya mitano, na kazi ikawa bora kuliko nilivyoifikisha pale. Tangu hapo sipeleki kitu ambacho mwenyewe sijakaa nacho saa nzima.

#5
Fupi tu. Video za H.264, ule mfumo wa kubana video uliozoeleka, ni ndogo kwa sababu fremu nyingi huhifadhi tofauti tu na fremu jirani. Ukizicheza kinyumenyume au kuzirukisha papo hapo, kompyuta inahema. Za jukwaani nageuza ziwe HAP, mfumo mwingine wa kuhifadhi video ulio mwepesi kucheza, faili linavimba lakini halikwami. Na jamani, mwanga wa kumetameta usizidi mara tatu kwa sekunde, kuna watu unawaamshia kifafa. Niliambiwa hivyo na mama mmoja mlangoni akiwa kamshika mwanawe mkono, wanaondoka. Sikuwa na la kujibu.

#6
Mada ya mshono imenikumbusha kisahani nilichotengeneza kwa karatasi, kile alichobuni Mbelgiji Joseph Plateau mwaka 1832, kabla sinema haijawepo. Picha 12 kwenye duara, matundu membamba pembeni, unakizungusha mbele ya kioo na kuchungulia matunduni. Farasi wangu alikimbia bila kusita hata kidogo, na sikupiga hesabu yoyote. Picha ya 12 imeketi jirani na ya kwanza. Hakuna nafasi ya kurudia picha. Nikahamishia akili hiyo kwenye kompyuta: moshi na mawingu yangu siyatembezi kwenye mstari nikitafuta pa kuunganisha, nayatembeza kwenye duara, yanajirudisha yenyewe.

Mleta mada: Mkuu wa farasi, nimesoma nikafungua lile faili la moshi usiku huuhuu. Duara limekubali. Nimeliacha linazunguka tangu saa mbili, mtoto wangu kakaa mbele yake na kidole juu, anasubiri.