PS4 Slim kwenye Noah: fyuzi ya laita inaungua gemu ikianza. Niifungeje?

Mtoto wa Uyole (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Gari ni Noah ya 2004, petroli, cc 2000, volti 12. Safari ni Mbeya–Njombe karibu kila mwezi na Mbeya–Dar mara mbili kwa mwaka. Nataka PS4 Slim ikae nyuma, watoto wawili wa siti ya katikati wacheze njiani. Nilivyo navyo: PS4 Slim ya 500GB, TV ya inchi 22 ya umeme wa nyumbani, na inveta (ya kugeuza umeme wa gari kuwa wa nyumbani) imeandikwa 500W, ile ya kuchomeka kwenye laita (tundu la kuwashia sigara).

Kwenye menyu inakaa hata nusu saa. Gemu ya mpira ikianza, dakika chache tu fyuzi ya laita (15A) chali. Gereji wameniambia niweke ya 30A yaishe. Je, nifanye hivyo? Na kama siyo, waya nipitishe wapi, wa unene gani?

---

Wayaringi Mafiati

Usiweke 30A, mkuu. Fyuzi ipo kwa ajili ya waya, haimjui PS wala TV. Waya wa laita ni mwembamba na umepita nyuma ya dashibodi pamoja na nyaya nyingine. Ukiweka 30A, waya wenyewe ndio utakuwa fyuzi, na utaungulia pale ambapo huoni moshi mpaka umeshachelewa.

Tupige hesabu. PS4 Slim kwenye menyu inakula kama wati 50, gemu ikianza inapanda 80 hadi 95. TV yako tuseme 45. Jumla 140. Inveta za bei chee hupoteza sehemu ya tano ya umeme njiani, kwa hiyo inataka kama wati 175 kutoka kwenye gari. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 14.6. Ongeza chaja ya simu na umeshavuka 15. Soma mfuniko wa laita yenyewe, kwenye Toyota nyingi umeandikwa 120W.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Waya mwembamba ukipata joto, volti inayofika kwenye inveta inashuka. Inveta haipunguzi wati kwa sababu hiyo, inavuta ampea zaidi ili itoe zile zile. Waya unazidi joto, volti inazidi kushuka. Ndiyo maana inakubali dakika kadhaa kisha inakata.

Hiyo 500W kwenye boksi wala isikupe moyo. Hata ingekuwa 2000W, inapitia kwenye tundu lile lile.

---

Mtoto wa Uyole

Nimekuelewa kaka. Sasa waya wa kutoka kwenye betri moja kwa moja ukoje?

---

Wayaringi Mafiati

Vifaa:

- waya wa shaba wa nyuzi laini, 6mm (milimita 6 za mraba), mwekundu mita 6, mweusi mita 1
- nyumba ya fyuzi isiyopitisha maji na fyuzi ya 30A
- relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) ya 12V 40A ya miguu minne
- inveta ya 300W ya mawimbi laini kama umeme wa TANESCO, yenye feni na ya kufunga kwa nati, siyo ya kuchomeka
- bomba la plastiki lenye mikunjo la kuvalisha waya, vichwa vya waya vya kubana, raba ya tundu

Dukani kwangua waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona ndani ni mweupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mwachie mwenye duka. Kwa ampea 13 na mita 6, shaba ya 6mm inapoteza volti 0.23. Ya 2.5mm, ambayo mafundi wengi huipenda kwa kuwa ni laini kukunja, inapoteza 0.55.

Kufunga: vua kwanza terminali ya hasi ya betri. Nyumba ya fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka chanya ya betri, lakini fyuzi yenyewe usiiweke bado. Waya uingie ndani kupitia raba iliyopo kwenye ukuta wa injini. Ukitoboa tundu jipya, livalishe raba, vinginevyo bati litakata ngozi ya waya taratibu kila gari linapotikisika. Kaa mbali na pedeli na mhimili wa usukani. Kisha fuata chini ya plastiki za kizingiti cha mlango mpaka kwenye inveta. Mlango wa kusukuma una reli yake, usiikaribie.

Relei: mguu 30 unapokea kutoka kwenye fyuzi, 87 unakwenda inveta, 85 kwenye bodi ya gari, 86 unachukua umeme wa ACC, ule unaokuja ufunguo ukigeuzwa hatua ya kwanza (wa redio unatosha), kupitia fyuzi ya 1A. Ukichomoa ufunguo, inveta inazima. Bila relei kuna siku itasahaulika usiku kucha.

Hasi ya inveta ifunge kwenye boliti ya bodi iliyo karibu. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Usitumie boliti ya mkanda wa siti.

Fyuzi iingie mwisho kabisa. Washa gari, washa gemu, weka tesita (kipima volti) kwenye betri kisha kwenye mdomo wa inveta. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibovu. Vishike kimoja kimoja, chenye joto ndicho.

---

Kijana wa Makambako

Mbona mnamzungusha? Noah nyingi za kutoka Japani zina soketi ya AC ubavuni. Achomeke PS pale, kazi kwisha.

---

Wayaringi Mafiati

Zipo baadhi, ndugu, lakini soma maandishi yake: AC 100V, 100W. Power ya PS4 ikiwa imeandikwa 100–240V itawaka, ila gemu nzito inagusa 95W, na TV haijaongezwa. Ikizidiwa inajizima. TV yake nayo kama imeandikwa 220–240V haitawaka kabisa. Zile za Estima Hybrid zenye 1500W ni habari nyingine.

---

Mnyalu Mtulivu

Kamwene. Umeme mmeumaliza, ila kitakachokufa kwanza ni hadi diski (hard disk, panapohifadhiwa gemu). PS4 Slim inakuja na hadi diski ya laptopu, ina sahani inayozunguka na sindano inayoelea juu yake bila kugusa. Mashimo ya barabara ya vumbi na matuta ya Mbalizi hayaheshimu kitu hicho. Weka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya inchi 2.5 ya SATA, unene usizidi milimita 9.5. GB 500 zinatosha.

Kwanza okoa sevu za watoto kwenye flashi. Nyuma ya PS kwenye kona kuna kifuniko cha plastiki, kisukume kitoke. Skrubu moja, vuta kitanda cha diski, skrubu nne, hamisha. Kwenye flashi nyingine iliyofomatiwa FAT32 tengeneza folda PS4, ndani yake UPDATE, ndani yake weka faili PS4UPDATE.PUP. Pakua lile kubwa la kusakinisha upya, karibu GB 1. Lile dogo la kuboresha linakataa kwenye diski tupu, na hapo ndipo watu wengi hukwama wakidhani SSD ni mbovu. Shika kitufe cha kuwasha mpaka mlio wa pili, kama sekunde 7, unganisha pedi kwa waya wa USB, chagua namba 7.

Gemu za CD ziache nyumbani. CD ikizunguka gari likaruka, inakwaruzwa. Nunua za kupakua, na kwenye mipangilio ya akaunti ifanye mashine hiyo kuwa PS4 yako kuu. Usipofanya hivyo itadai intaneti, na huko milimani mtandao unapokatika mtabaki mnaangalia kufuli kwenye picha ya gemu.

Jingine: zima kabisa ile hali ya kupumzika (rest mode). Mzime PS kwa menyu, subiri taa ipotee, ndipo uchomoe ufunguo. Na washa injini kwanza, PS baadaye. Ukizungusha stata, ACC inakatika kidogo na PS inazimika katikati ya kuandika.

---

Mama Watatu

Baba, na hiyo TV ya inchi 22 mnaifunga wapi? Breki moja ya ghafla inakuja mpaka mbele. Tena ukiitundika katikati inaziba kioo cha dereva cha kuangalia nyuma, na dereva naye atataka kujua nani kafunga goli. Chukua skrini mbili za inchi 10 au 11 za kufunga nyuma ya vichwa vya siti, zenye tundu la HDMI na za volti 12, pamoja na kigawanyio cha HDMI cha moja kwenda mbili. Kigawanyio kinakula 5V ya USB tu.

Sauti: spika za masikioni zichomekwe kwenye tundu la pedi. Weka kigawanyio cha waya wasikilize wote wawili. Dereva atakushukuru kuanzia Igawa.

Na kwenye kona za Kitonga zima. Mtoto anayekazia macho skrini wakati mwili unayumba anatapika upesi kuliko anayetazama nje. Mifuko iwe kwenye mlango, siyo kwenye buti.

---

Wayaringi Mafiati

Dada kasema kweli, na hesabu inakuwa nzuri zaidi. Skrini hizo zinakula umeme wa DC moja kwa moja kupitia fyuzi yake ya 5A, hazipiti kwenye inveta. Angalia lebo tu: gari likiwa limewaka, volti inafika 14.4. Skrini iliyoandikwa 12V pekee iwekee kibadilishi cha DC cha kutoa 12V kamili. Hii inawahusu pia wenye TV ndogo za sola.

---

Mtoto wa Uyole

Asanteni sana. Tukisimama Makambako kula, wanaweza kuendelea injini ikiwa imezimwa? Betri ni NS60.

---

Mnyalu Mtulivu

Dakika 30, siyo zaidi. PS na skrini ni kama ampea 10 hadi 11 kwenye betri. NS60 ni kama Ah (ampea-saa) 45 ikiwa mpya, kwa hiyo saa moja inakula karibu robo. Alamu ya inveta usiitegemee: nyingi hulia kwenye volti 10.5, na hapo stata imeshagoma zamani. Pima volti ya betri baada ya kuzima kila kitu na kuacha dakika chache. 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, hapo koma. Njombe mwezi wa saba alfajiri betri inatoa nguvu kidogo na oili ni nzito, ile nusu unayoiona mchana Chimala si nusu ile ile.

Baridi ina hila nyingine. Gari likilala nje Makete au Njombe, PS inakuwa ya barafu. Asubuhi mnapasha hita, watu wanapumua ndani, unyevu unageuka matone juu ya chuma baridi, ndani ya PS pia. Subiri dakika 30 hita ikiwa imewaka ndipo uwashe. Sony wanataka nyuzi 5 hadi 35. Upande wa joto, gari lililofungwa juani Kyela linazidi hapo mbali, fungua milango kwanza.

---

Abiria wa Tukuyu

Kwa asiye na PS4: Nintendo Switch ndiyo rahisi kuliko zote. Kwenye doki (kituo chake cha kuiunganisha na TV) inataka 15V 2.6A, yaani wati 39, chaja ya gari ya USB-C ya 45W yenye 15V inatosha, na laita inaibeba bila jasho. PS2 Slim zile zenye adapta ya nje ni 8.5V, kwa hiyo kibadilishi cha kushusha cha ampea 6 au zaidi kinafaa. Weka 8.5 kwa tesita kabla ya kuunganisha, na uhakikishe chanya na hasi. Ubaya wake inasoma CD muda wote, barabara mbovu picha inaganda. Ukiipa gemu kwa flashi, USB yake ni ya 1.1, video zinakatakata.

Mimi nauliza ya Coaster, mpango ni huo huo?

---

Wayaringi Mafiati

Hapana! Coaster nyingi za dizeli ni 24V. Inveta ya 12V utaisikia mlio mmoja tu. Nunua ya 24V. Na usichukue 12V kwenye betri moja kati ya mbili, moja itachoka na nyingine itachajiwa kupita kiasi.

---

Mtoto wa Uyole

Swali la mwisho wakuu: PS na inveta vikae wapi?

---

Wayaringi Mafiati

Noah yako injini iko mbele, kwa hiyo chini ya siti ya abiria panafaa kwa inveta, mradi usizibe tundu la hita. Wenye Townace Noah za zamani wasiige, injini yao iko chini ya siti hizo hizo na pale ni jiko.

PS yenyewe ni sentimita 26.5 kwa 28.8, unene 3.9, kilo 2.1. Kata ubao wa milimita 12, ukubwa sentimita 35 kwa 40, uufunge sakafuni nyuma ya siti ya katikati. Ilalie bapa. Chini weka vipande vinne vya mpira wa tyubu vilivyokunjwa mara tatu, kwenye pembe tu. Ukitandika sponji nzima, joto halina pa kutokea. Ubavuni inavuta hewa, nyuma inatoa, acha sentimita 10 upande huo. Mkanda upite juu, usikazwe sana. Mbele ya matundu ya ubavuni weka kitambaa chepesi cha soksi ya nailoni na ukifue kila baada ya safari ya vumbi. Feni ikianza kulia kama ndege kwenye gemu ambayo nyumbani huchezwa kimya, soksi imejaa.