Little Brother bila 9th Wonder: Getback ni kazi ya kundi kweli?

MchanajiMoro
Wakuu, naomba tuijadili Getback, albamu ya kundi la rap la Little Brother, ile ya Oktoba 2007. Nina sababu yangu, nitaisema.

Kwa asiyewajua, hawa ni jamaa wa Durham, North Carolina, waliokutana chuoni North Carolina Central. Phonte na Big Pooh wanachana, 9th Wonder anapika midundo. The Listening ya 2003 ndiyo iliyonishikisha kalamu. 9th alikuwa anatumia Fruity Loops, programu ileile iliyojaa kwenye studio zetu za chumbani, na kwa hiyohiyo akafika mpaka kwenye The Black Album ya Jay-Z. Anachukua sauti ya mwimbaji wa soul wa zamani, anaikatakata, anaipandisha hadi inalia, halafu ngoma yake kavu inaingia. Sikiliza kidogo tu, unajua ni wao.

Mwanzoni mwa 2007 akatoka kundini. Atlantic, lebo kubwa waliotoa albamu yao The Minstrel Show mwaka 2005, nao wakaachana nao. Getback ikatokea ABB, lebo ndogo waliyoanzia, na biti zikatoka kwa watu mbalimbali: Illmind, Hi-Tek, Nottz na wengine. 9th ana wimbo mmoja tu, Breakin' My Heart, ule alioshirikishwa Lil Wayne.

Sasa sababu yenyewe. Kundi letu hapa Moro ni la watu watatu, na anayetutengenezea biti kapata kazi Dodoma, kahama. Hatujagombana hata kidogo. Mchanaji mwenzangu anasema tusirekodi bila yeye, kwani sauti yetu ni yake. Mimi nina daftari limejaa na sitaki mistari iozee humo. Nimerudi kwa Getback kwa sababu wale walipita njia hii. Phonte yuko vizuri sana humo, sina ubishi. Lakini kuna mahali nasikia wachanaji wawili wamekaribishwa kwenye nyumba za watu, wanakaa kwa adabu. Nyie mnasikiaje?

KandaMbili
Mimi ni wa The Minstrel Show mpaka kesho. Getback ni albamu nzuri, ila joto limepungua. Biti za 9th zilikuwa na vumbi, hizi zimepigwa pasi. Na huo wimbo mmoja wake ndio unaokukumbusha kilichokosekana.

SanturiZaTanga
KandaMbili, hapo kwenye huo wimbo mmoja ndipo ninapokupinga kabisa. Breakin' My Heart ni mzuri, lakini uweke katikati ya nyimbo zote 11 bila kutazama majina ya maprodyuza. Haujitengi. Sirens, Dreams na When Everything Is New zimesimama zenyewe bila mkono wa 9th, na kwangu Dreams ndio moyo wa albamu nzima: watu wazima wanaongea kuhusu ndoto na bili za nyumbani. Wimbo wa namna hiyo unahitaji nafasi. Sampuli, yaani kile kipande cha soul kilichokatwa, ikilia juu ya kila mstari ingemfunika Phonte.

Mdogo wangu Mchanaji, sikiliza Big Pooh. Watu wote humzungumzia Phonte kwa sababu anachana na anaimba, na ana utani mwingi (yule mwimbaji wake wa kuigiza, Percy Miracles, kwenye The Minstrel Show). Pooh kwenye The Listening alikuwa anamfuata nyuma. Kwenye Getback amefunguka, mistari yake imekaa sawa na ya mwenzake. Prodyuza alipoondoka, yule aliyekuwa kimya ndiye aliyejaza nafasi. Huo kwangu ni ushahidi kwamba kundi lilikuwepo. Wageni hawakui hivyo kwenye nyumba ya mtu.

MchanajiMoro
Dada, nimerudia Dreams na Sirens kwa hedifoni baada ya kusoma hapa. Kuhusu Pooh nakubali, anaingia bila kusubiri kubebwa. Nadhani kilichokuwa kinanisumbua si biti, ni kwamba nilikuwa nasikiliza nikimtafuta mtu ambaye hayupo.

Lakini mwenzangu hatakubali kwa hoja ya Pooh. Atasema wale walikuwa wameshatoa albamu mbili kubwa, watu wanawajua. Sisi hata kanda mseto (mixtape) moja hatujamaliza.

FundiWaKinanda
Basi mwonyeshe The Foreign Exchange. Ni kundi la Phonte huyohuyo na Nicolay, prodyuza wa Uholanzi, na walitoa albamu ya Connected mwaka 2004. Walikuwa wanatumiana mafaili kwa intaneti, mmoja anatuma biti, mwingine anarudisha sauti, na albamu ikaisha kabla hawajaonana uso kwa uso. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Getback. Kwa hiyo 9th alipoondoka Phonte alikuwa ameshajifunza kuandika juu ya midundo ya watu wengine, tena walio mbali. Wewe na Dodoma mnatenganishwa na basi la saa chache tu!

Cha kufanya: jamaa akutumie mafaili ya vyombo vimetenganishwa, ngoma peke yake, besi peke yake, sampuli peke yake, na aandike kasi ya biti kwenye jina la faili. Mkirekodi, rudisheni sauti kavu bila mwangwi, amalizie mwenyewe. Nafanya hivi na mtu wa Mombasa, kazi inatoka safi.

KandaMbili
Ila msisahau 2018 walipopanda jukwaani pamoja watatu kule Durham, watu walishangilia kama wamerudishiwa ndugu. Na bado May the Lord Watch ya 2019 ikatoka bila 9th. Hiyo naipenda kuliko Getback, nakiri wazi. Walikuwa wamezoea kuwa wawili.

SanturiZaTanga
Hapo tumekutana. May the Lord Watch isingekuwepo bila Getback, ndimo walimojifunza.

MchanajiMoro
Fundi, nimempigia wa Dodoma jioni hii. Ana biti mbili tayari kwenye kompyuta, anasema alidhani tumeshatafuta mtu mwingine ndiyo maana alinyamaza. Anatuma kesho. Kwa nyimbo nyingine tutaomba biti kwa kijana mmoja wa Kihonda anayepiga kinanda kanisani. Mwenzangu kasema atasikiliza Getback kwanza ndipo ajibu. Nimemtumia yote, kuanzia Sirens.