Nachungulia kamera kwa jicho la kushoto: nibadili?

Binti_Kuze
Assalaam alaikum wapenzi wa picha. Niko Mombasa, Mji wa Kale. Napiga picha za harusi upande wa wanawake, hasa usiku wa kupamba, na huu ni mwaka wangu wa pili. Naandika na kula kwa mkono wa kulia, lakini kamera ikipanda usoni, jicho linalokwenda kwenye kitundu ni la kushoto. Sikuwahi kulifikiria mpaka nilipoajiriwa studio moja. Mkubwa wangu aliponiona aliniambia kwa namna ile sitafika mbali, nijizoeze jicho la kulia.

Nimejaribu wiki tatu. Jicho la kushoto halikubali kufumba peke yake. Nikilifumba, shavu zima linakunjamana. La kulia linaona ukungu, nachelewa, na picha zinatoka zimelala upande.

Lakini la kushoto nalo lina kesi yake. Ijumaa bibi harusi aliinua uso kumtazama mamake, chozi limesimama penye wanja, nikabonyeza. Kuikuza nyumbani, kikuba kifuani kiko wazi hata mishipa ya jani la rehani unaihesabu, na uso umefifia. Pua yangu iligusa kioo cha nyuma, alama ya fokasi ikahama. Chozi lile halirudi tena. Nisaidieni, maana kazi hii naipenda.

Mzee_wa_Chumba_cha_Giza
Waalaikum salaam mwanangu. Usibadili. Mimi nimeanza enzi za filamu na jicho langu ni la kushoto vilevile.

Kwanza hakikisha. Panda darini, nyosha mikono yote miwili mbele, viganja vikutane viache kitundu kidogo katikati. Macho yote wazi, tazama mnara wa Msikiti wa Mandhry ndani ya kitundu hicho. Sasa fumba jicho moja, kisha jingine. Jicho ambalo ukilifumba mnara unapotea, hilo ndilo jicho kuu lako, yaani lile unalolitegemea zaidi kulenga.

Mkono na jicho haviendi pamoja kwa lazima. Watu kama tisa katika kumi hutumia mkono wa kulia, ila wenye jicho kuu la kulia ni kiasi cha thuluthi mbili tu. Mkono wa kulia huamrishwa na upande wa kushoto wa ubongo. Jicho, lolote lile, hupeleka habari pande zote mbili.

Wenye kuziunda kamera ndio waliomfikiria zaidi mtu wa jicho la kulia. Kulikuwa na kamera za filamu ambazo mita ya mwanga haiwaki mpaka uuvute nje kidogo wenzo wa kusogeza filamu. Wenzo ule ulikuwa ukinichoma juu ya jicho la kulia harusi nzima. Nikaendelea na jicho langu.

Wewe ingia kwenye menyu, uzime mguso wa kioo wakati unachungulia. Jambo la pili: kwa picha ya wima, watu wengi huweka mkono wa kulia juu. Wewe uweke chini. Pua itatoka nje ya kioo, na jicho la kulia litabaki huru kuona ukumbi.

Shoto_wa_Likoni
Dada, mimi ni kinyume chako: nina mashoto, jicho la kulia. Kitufe cha kupigia kiko kulia karibu kwa kamera zote. Kamera ya Exakta ya Dresden, Ujerumani, ya mwaka 1936 ilikiweka kushoto, na Yashica waliwahi kutoa kamera yao ya Samurai kwa watu wa mashoto. Hainisumbui, kwa sababu mkono wa kushoto ndio unaobeba lenzi na kuizungusha.

Korongo_Tudor
Namheshimu mzee, ila nadhani hujalipa jicho la kulia haki yake. Huo ukungu unaousema: kando ya kitundu kuna kigurudumu kidogo. Umekiweka kwa jicho la kushoto, na macho mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Kizungushe mpaka maandishi ya ndani yasomeke, ndipo uhukumu. Siku ukishika kamera yenye kitundu pembeni kabisa kushoto, jicho la kulia litakufaa sana, la kushoto likibaki nje kutazama.

Binti_Kuze
Allah awalipe kheri. Nimepanda darini baada ya alasiri: nikifumba la kushoto, mnara unapotea. Kaka Korongo, kigurudumu nimekizungusha, na kweli ukungu umeondoka. Uzito haukuondoka, bado nachelewa. Nitaendelea kulizoeza la kulia nyumbani, kazini nabaki na langu, na mkubwa wangu nitamweleza hivyo.

Mguso nimeuzima. Halafu nikaigeuza kamera mkono chini, nikampiga nyanya akichambua asumini barazani. Jicho la kulia likamwona mdogo wangu anakuja na sinia ya halua kabla hajaingia kwenye picha, nikamngoja.